Alikwenda Ngomeni: Namna ya Kumtafuta Mzee Anayesemekana Kufungwa Enzi za Mkoloni

"Mzee wetu alikwenda Ngomeni." Maneno hayo yana maana nne, na anayeanza kutafuta bila kujua ni ipi atapoteza nauli yake. Kwa mtu wa Lamu, Ngomeni ni lile jengo la mawe linalotazama uwanja wa Mkunguni, lililoanza kujengwa karibu mwaka 1813, baada ya Vita vya Shela, likamalizika 1821. Kwa mtu wa Mombasa ni Fort Jesus, ambayo wenyeji waliiita pia Gereza. Kwa watu wa Mambrui na Magarini, Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi, mahali pa kwenda kuvua au kuoa. Na maana ya nne ndiyo inayosahauliwa kuliko zote: mzee alikwenda ngomeni kufanya kazi, awe askari jela, karani, mpishi au mchukuzi wa maji, na watoto wa watoto wake wakabaki na neno "jela" tu.

Tarehe husaidia kuchuja mapema. Ngome ya Lamu ilitumika kama gereza kuanzia 1910 hadi 1984. Kabla ya hapo ilikuwa ngome ya serikali na askari wake. Kwa hiyo hadithi inayomweka babu Ngomeni ya Lamu mwaka 1898 si lazima iwe uongo, lakini swali la kwanza liwe: alikuwa ndani kama mfungwa, au alishika bunduki mlangoni? Fort Jesus ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Waliopewa vifungo virefu huko Lamu na Malindi wangeweza kupelekwa Mombasa, kwa hiyo mtu wa Malindi aliyehukumiwa miaka saba usimtafute Malindi peke yake.

Mtego mwingine wa mahali ni Shela. Iko Shela ya kisiwa cha Lamu na iko Shela ya mjini Malindi, na karani wa kizungu hakuona haja ya kueleza ni ipi. Wengine husimulia kwamba babu alifungwa Kisiwa cha Changuu, Unguja, kwa sababu watalii hukiita kisiwa cha jela. Gereza lililojengwa pale mwaka 1893 halikutumika kuweka wafungwa. Liligeuzwa karantini ya wagonjwa. Mzee aliyekaa Changuu baada ya mwaka huo mtafute katika abiria wa meli na majahazi waliozuiliwa kwa hofu ya maradhi.

Alifungwa na nani?

Hili ndilo swali linalobeba kazi yote. Faili la zamani halimfuati aliyefungwa, linamfuata aliyetoa amri. Ukijua mkono uliomshika mzee, utajua karatasi yake ilikwenda wapi. Usipojua, utafungua mafaili ya watu wengine kwa wiki nzima.

Mkono wa chini kabisa ulikuwa wa liwali (mtawala wa mji kwa jina la Sultani), mudiri aliye chini yake, au kadhi. Kwenye ule ukanda wa maili kumi ambao Sultani wa Unguja aliukodisha kwa Waingereza mwaka 1895, maliwali waliendelea kukaa barazani na kusikiliza kesi ndogo: ugomvi wa sokoni, matusi, wizi mdogo, mbuzi walioingia shambani. Kifungo kilikuwa cha siku au wiki, mara nyingi badala ya faini iliyoshindwa kulipwa. Kesi hizo huachwa kwenye madaftari ya baraza na katika barua za liwali kwenda kwa Bwana Shauri.

Bwana Shauri mwenyewe, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa hakimu pia. Wizi wa nyumba, kujeruhi, kukaidi amri ya serikali, hayo alihukumu yeye na kuyaandikia taarifa kwa mkuu wa jimbo. Mauaji na makosa mazito yalipanda hadi Mahakama Kuu, na rufaa zikaenda Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1902. Ukiwa na fununu kwamba mzee alihukumiwa kunyongwa kisha akasamehewa, hiyo ni bahati katika utafutaji, kwa kuwa kesi ya aina hiyo ilipita mikononi mwa watu wengi na kila mmoja alibaki na nakala yake.

Kisha kuna amri ya gavana isiyokuwa na kesi kabisa. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, viongozi wa Wagiriama waliowapinga Waingereza, walikamatwa mwaka 1913, wakahamishiwa Kisii, nao wakatoroka mwaka 1914 na kurudi kwa miguu. Ukiwatafuta katika rejista ya mahakama ya Malindi utapoteza muda: walihamishwa kwa amri ya utawala. Wazee wengi wa Kigiriama waliokamatwa katika msukosuko wa 1913 na 1914 wako katika hali hiyo hiyo. Mtafute mtu wa namna hii katika mawasiliano ya mkuu wa jimbo na katika amri za uhamisho zilizochapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Na kumbuka kuangalia pande mbili. Lamu yenyewe ilikuwa mahali pa kuhamishia watu kutoka bara, kwa hiyo jina geni katika makaratasi ya Lamu laweza kuwa la mgeni aliyeletwa kwa nguvu na akaoa hapo.

Jela ya deni huwachanganya wengi. Sheria ya madai iliyotumika ilikuwa ya Kihindi, na iliruhusu mdaiwa kufungwa kwa ombi la mdai, huku mdai akilipa posho ya chakula cha mfungwa wake. Mwenye shamba la mtama au ufuta aliyekopa kwa mfanyabiashara, mvua ikakosa, angeweza kukaa ndani bila kuiba hata sindano. Makaratasi yake yako katika kesi za madai, na mara nyingi shamba lililowekwa rehani ndilo litakalokuonyesha njia. Kama nyumbani inasemwa "alifungwa na Mhindi", anza hapa.

Kuanzia 1925 sheria ilianzisha kambi za kizuizi kwa makosa madogo, yakiwemo ya kodi, ili watu wa aina hiyo wasichanganywe na wezi na wauaji. Mtu aliyekaa kambini miezi miwili kwa kodi ya nyumba hakuandikwa kama mfungwa wa gereza. Kijijini, hata hivyo, aliitwa mfungwa kama wengine.

Halafu vita. Kati ya 1914 na 1918 vijana wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, hao wa Kariakoo. Mzee aliyechukuliwa na askari, akafungwa kamba, akapotea miaka miwili na kurudi amekonda, familia itasimulia kama kifungo. Ukisikia kwamba walichukuliwa wengi siku moja, na kwamba wengi hawakurudi, fikiria upagazi kabla ya jela.

Kisha ni Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu, kilikuwa na kambi ya waliozuiliwa bila kushtakiwa, wengi wao watu wa bara. Wanaomtafuta babu wa Kikuyu aliyeishi "Lamu" miaka ya 1950 huenda wanamtafuta mtu wa Manda ambaye hakuwahi kulala mjini hata usiku mmoja. Katika orodha za Kiingereza aliyezuiliwa kwa amri ya gavana mwenyewe hutiwa alama GDO, na aliyezuiliwa kwa amri ya ofisa aliyekasimiwa hutiwa DDO. Herufi hizo zikitokea, achana na mafaili ya mahakama moja kwa moja.

Mwisho kuna jambo lisilopendeza kulitaja, nalo ni utumwa. Kufungwa mnyororo na bwana si kifungo cha serikali. Mtoro aliyekimbilia msituni upande wa Witu au bara ya Malindi alitafutwa kama mhalifu ingawa hakuwa na kosa. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika ukanda wa Sultani mwaka 1907. Hadithi ya "mfungwa" iliyo ya zamani kuliko hapo ipimwe kwa uangalifu, kwani upande mmoja wa familia unaweza kuwa unaficha mtumwa na upande mwingine unaficha mwuzaji.

Kuuliza nyumbani

Usianze na "alifanya kosa gani?" Mzee wa Kiamu atakujibu kwamba maiti husitiriwa, na mlango utafungwa. Aibu ya marehemu ni amana kwa walio hai, na aliyeombwa kuitoa mbele ya kinasa sauti ana haki ya kukataa. Mpigie shikamoo, kaa, kunywa kahawa, kisha uulize mambo ya pembeni: mwaka ule mama yake alikuwa akilishwa na nani? Shamba la Mkunumbi lililimwa na nani? Nani aliyesimamia harusi ya dada yake? Bibi huwa na majibu haya kuliko babu, kwa kuwa yeye ndiye aliyepika wakati mwanamume hayupo. Kwa Wagiriama, nenda kwa tsawe (babu) na hawe (bibi) wa upande wa mama pia. Upande wa baba hulinda jina, upande wa mama husema ukweli wa njaa.

Andika maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. "Alitiwa pingu", "alichapwa viboko", "alibeba mawe", "alitiwa mnyororo", "alilipa rupia thelathini" si maneno ya mapambo. Kila moja huonyesha aina ya adhabu, na adhabu huonyesha aina ya mahakama.

Jihadhari na Liyongo, shujaa wa kale wa hadithi za pwani. Kisa cha mfungwa aliyeletewa mkate wa wishwa wenye tupa ndani, akakata minyororo huku ngoma ikilia nje, kila mtoto wa pwani hii amekisikia. Familia nyingi, bila nia mbaya, zimemvisha babu yao kanzu ya Fumo Liyongo. Ukikuta mkate, tupa na ngoma katika hadithi, usiitupe hadithi nzima. Ondoa hivyo vitatu uone kinachobaki. Mara nyingi hubaki jina la askari, mwezi wa mwaka, au jahazi alilosafirishwa nalo, na hayo ndiyo ya kufanyia kazi.

Kupata mwaka

Tarehe za Hijria zilizoandikwa kwenye misahafu, hati za nyumba na barua hugeuzwa kwa hesabu rahisi: gawanya mwaka wa Hijria kwa 33, toa jibu hilo katika mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Mwaka 1325 gawanya kwa 33 ni kama 40. 1325 toa 40 ni 1285, ongeza 622 upate 1907. Hesabu hii inaweza kukosea mwaka mmoja, kwa hiyo ukitaka siku yenyewe tumia jedwali kamili. Usisahau kwamba siku ya Kiswahili huanza magharibi. "Usiku wa Ijumaa" wa mzee ni usiku wa Alhamisi kwa karani wa Kiingereza, na kukamatwa kwa usiku huo kutaandikwa tarehe ya Alhamisi.

Fedha nayo ni kalenda. Faini iliyoandikwa kwa rupia ni ya kabla au ya karibu na 1920. Florini ilitumika kwa muda mfupi tu, 1920 na 1921, kisha ikaja shilingi. Hii ni kwa fedha iliyoandikwa. Ulimi wa wazee uliendelea kusema rupia baada ya rupia kwisha, kwa hiyo rupia ya kusimuliwa haithibitishi mwaka.

Kipimo cha tatu ni namba ya kifungu cha sheria. Kuanzia 1897 hadi 1930 makosa ya jinai yalihukumiwa kwa Sheria ya Adhabu ya India. Karani mvivu huandika namba tu bila kutaja kosa, na msomaji wa leo anayechukua kitabu cha sheria za Kenya atapata kosa jingine kabisa. Zinazojirudia pwani ni hizi: 302 ni mauaji, 304 kuua bila ya kukusudia mauaji, 323 kuumiza, 325 kuumiza vibaya, 379 wizi, 380 wizi ndani ya nyumba, 411 kupokea mali ya wizi, 447 kuingia ardhi ya mtu, na 188 kukaidi amri halali ya mtumishi wa serikali. Namba 370 ni kununua au kuuza mtu kama mtumwa, na kwa mji kama Lamu isikushangaze. Herufi R.I. mbele ya muda wa kifungo ni kazi ngumu, na S.I. ni kifungo chepesi. Kesi za baada ya 1930 zina namba zake nyingine.

Majina yatakayokuponyoka

Karani alisikia jina kwa sikio la Kiingereza au la Kihindi. Athmani anaweza kuwa Othman, Usman au Asman. Shee anageuka Shehe au Sheikh na kuonekana kana kwamba ni cheo. Mbwana anakuwa Bwana, nalo jina linapotea kabisa. Andika namna zote kwenye karatasi kabla hujaingia ofisini, angalau tano kwa kila jina, na tano kwa jina la baba. Fanya hivyo kwa miji pia: Shella, Siu, Patta, Lamoo. Faza katika karatasi za zamani ni Rasini. Wamijikenda kabla ya miaka ya 1940 huandikwa "Nyika" au "Wanyika", na Giriama mara nyingi ni "Giryama".

Wagiriama wana tatizo lao maalumu. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake wa upande wa baba, kwa hiyo Charo wa Karisa huzaa Karisa wa Charo, ambaye naye huzaa Charo wa Karisa. Watu wawili wenye jina lile lile, shamba lile lile, wameachana kwa vizazi viwili. Huu ndio mkosi mkubwa wa utafutaji wa Malindi, na dawa yake ni umri. Bila umri au jina la mke, usimdai Charo yeyote.

Mabruki, Feruzi, Almasi, Marjani na majina ya aina hiyo mara nyingi walipewa watumwa. "Bin Abdalla" baada yake huenda si jina la baba wa damu. Kabila nalo halitegemewi. Mtu mmoja huandikwa Mwarabu katika faili moja, Mswahili katika jingine na Mbajuni katika la tatu, kwa kuwa neno hilo liliamua kodi na mahakama yake, na kila mtu alikuwa na sababu ya kulivuta upande wake.

Mahali pa kutafuta

Nyaraka za Kitaifa ziko Moi Avenue, Nairobi, katika jengo la zamani la Bank of India. Beba kitambulisho, fedha kidogo za usajili, na penseli, maana kalamu ya wino haitakiwi karibu na karatasi za zamani. Uliza bei ya nakala na ruhusa ya kupiga picha kabla ya kuanza, si baada. Omba kwanza orodha za mafaili ya mkuu wa jimbo la Pwani, zenye alama PC/COAST, kisha za wilaya. Hapa historia ya mipaka ni lazima. Kabla jimbo la Pwani halijaunganishwa, Lamu ilikuwa makao makuu ya jimbo la Tanaland, na Malindi ilikuwa chini ya Seyidie, ambalo makao yake ni Mombasa. Baadaye makaratasi ya Malindi yalichanganyika na ya Kilifi. Anayetafuta "Lamu, Pwani" kwa mwaka 1912 na kuambiwa hakuna, hajaambiwa uongo. Ametaja jimbo ambalo halikuwepo.

Soma kwa mpangilio huu: ripoti za mwaka za wilaya, ripoti za makabidhiano kati ya mkuu anayeondoka na anayeingia, vitabu vya kumbukumbu za kisiasa, halafu barua. Ripoti ya mwaka mara nyingi itakupa idadi ya wafungwa bila majina, na wengi hukata tamaa hapo. Kazi yake ni kukuonyesha mwaka gani palikuwa na fujo, njaa au msako wa kodi. Majina yako katika barua na katika taarifa za kesi. Ripoti hizi zilipigwa filamu ndogo, na Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kina nakala. Ndugu aliyeko ughaibuni anaweza kusoma huko bila kusubiri kuja likizo.

Gazeti rasmi la serikali lilianza 1899, na matoleo mengi yanasomeka bure kwenye Google Books. Tafuta kwa mahali kabla ya jina, kwa sababu kompyuta husoma vibaya herufi zilizofifia: andika Lamu au Malindi pamoja na neno la Kiingereza la uhamisho (deportation) au la mirathi (probate). Tangazo la mirathi lina thamani kubwa, maana hutaja tarehe ya kifo na pengine mahali. Mzee aliyefia Mombasa bila ndugu yeyote huko anastahili kuulizwa alikuwa huko kwa nini.

Uingereza, Nyaraka za Taifa za Kew zina mlolongo unaofuata aliyetawala. Mambo ya utumwa na ya Unguja hadi 1892 yana alama ya mafaili FO 84. Utawala wa Wizara ya Mambo ya Nje hadi 1905 ni FO 2. Wizara ya Makoloni kuanzia 1905 ni CO 533. Hali ya Hatari iko CO 822, na yale makaratasi yaliyofichwa miaka mingi kisha yakaanza kufunguliwa 2012 ni FCO 141. Karatasi za kampani ya Kiingereza (IBEA) iliyotawala pwani kuanzia 1888 hadi 1895 zimo katika mkusanyo wa Mackinnon, katika chuo cha SOAS, London. Orodha ya Kew hutafutwa bure kwa mtandao. Mfungwa wa kawaida wa wizi hatakuwemo huko. Aliyehamishwa kwa siasa, aliyehukumiwa kifo, au aliyekamatwa na jahazi la watumwa, anaweza kuwemo.

Aliyekosekana nyumbani

Rejista isipopatikana, tafuta pengo lake. Hapa Lamu na Malindi zina utajiri ambao miji mingi ya bara haina, kwa sababu watu waliandika hati kabla ya Mzungu kuja. Usajili wa ndoa na talaka za Kiislamu uliwekewa sheria mwaka 1906. Katika daftari za kadhi, mwanamke anayeomba kuachanishwa kwa kuwa mume hayupo na haleti matumizi, lazima aeleze hayupo wapi. Ndoa ambayo binti anaozwa na ami yake huku baba akitajwa kuwa hai ni dalili kubwa.

Sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 iliwalazimu wenye mashamba ya pwani kudai viwanja vyao mbele ya ofisa. Angalia nani alidai kwa niaba ya nani. Mke au ndugu anayedai shamba la mume aliye hai, ofisa ataandika sababu. Hati za rehani za miaka hiyo hiyo husimulia deni, na deni husimulia jela ya deni. Wakristo wa Rabai na Jilore wana daftari za ubatizo na ndoa. Waislamu wana kurasa za mbele za misahafu na vitabu vya nyumbani, ambako baba aliandika uzazi na vifo kwa mkono wake. Omba ruhusa ya kupiga picha ukurasa huo, na usiuchukue msahafu wa watu nyumbani.

Ni yeye kweli?

Jina na jina la baba havitoshi. Taka angalau vitu viwili zaidi vinavyokubaliana: mtaa au kijiji, umri usiopishana kwa zaidi ya miaka mitano hivi, kazi, jina la mke, alama ya mwilini. Athmani bin Shee wa Langoni, baharia, na Athmani bin Shee wa Mkomani, mwenye shamba, walikaa mitaa miwili ya mji mmoja, na kumpa mmoja kosa la mwenzake ni dhuluma kwa watu ambao wajukuu wao wanakutana kila Ijumaa. Kikibaki kipengele kimoja kinachogoma, andika "huenda" na uache hivyo. Umri wa kifungoni ulikadiriwa kwa macho, kwa hiyo miaka 30, 35 na 40 isomwe kwa ulegevu. Kovu halikadiriwi.

Ukimpata, waambie kwanza wazee waliokupa habari, faraghani, kabla ya kuweka chochote kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Soma hukumu kwa macho ya siku zile pia. Kukaidi amri mwaka 1914 kunaweza kuwa kukataa kuondoka kaskazini mwa mto Sabaki. Na kama kosa ni la kweli na lina aliyedhulumiwa, ukoo wa aliyedhulumiwa upo hapo hapo mjini. Jina lao usilitaje bila idhini yao.

Kwa kila karatasi andika alama ya faili, ukurasa, tarehe, jina kama lilivyoandikwa na jina kama linavyotamkwa. Weka na daftari la pili la mafaili uliyoyasoma bila kupata kitu, pamoja na miaka uliyopitia na namna za jina ulizojaribu, maana binamu atakayeendelea mwakani hana haja ya kulipa nauli ya Nairobi ili asome tena kurasa zile zile tupu.